Muulize Fundi: “Wananiambia napiga flashi”

*Fundi, shikamoo. Wikendi huwa napiga gitaa na kuimba peke yangu kwenye hoteli za Nyali, Mombasa. Natumia pedali ya lupu, kifaa cha kukanyaga kinachorudia ulichokirekodi: narekodi mdundo palepale, naujazia besi, kisha naimba juu yake. Kwenye bango nimejiita “msanii wa laivu luping, anayevuka mipaka ya sauti”. Meneja ameniuliza kama mimi ni DJ, na mteja mmoja akasema mbele ya watu kwamba napiga flashi, yaani muziki uliorekodiwa tayari. Nijieleze vipi?*
*Mpiga gitaa, Nyali*

Marahaba, mdogo wangu. Pole, ila wa kwanza kushukiwa si wewe. Juni 2017 mwimbaji Ed Sheeran alipiga kwenye tamasha la Glastonbury, kule Uingereza, yeye na gitaa na mtambo wake wa lupu, huku televisheni ikirusha. Baadhi ya watazamaji wakamshutumu mtandaoni kwamba anaimba juu ya playback, ndiyo hiyo flashi yako. Ikabidi aandike kwamba kila kitu anakipiga palepale, na asiyeelewa akatafute kwenye Google. Huyu ni mtu aliyejaza uwanja wa Wembley, London, usiku tatu mwaka 2015 kwa mtindo huohuo. Sasa wewe wa Nyali utaachwaje? Tena huku kwetu playback imetuchosha: msanii anashusha maiki kuwapungia mashabiki, sauti yake inaendelea kuimba. Mteja wako alikuwa na sababu ya kushuku.

Tuanze na bango. “Anayevuka mipaka ya sauti” futa leo. Mtu anayesubiri samaki wa kupaka hajui mipaka hiyo iko wapi. Mwambie atakachokiona na atakachokisikia. Mimi ningeandika hivi: “Gitaa moja na sauti moja. Kila unachosikia kinapigwa mbele yako, bila kompyuta wala flashi. Chakacha, benga na rhumba za zamani, kwa muda wa saa mbili.” Meneja akisoma hapo anajua aina ya muziki, muda, na kwamba hahitaji kutafuta nafasi ya ngoma. Usipopiga benga, usiiandike; Mombasa watu wataiomba.

Mtazame Zoë Keating wa Amerika Kaskazini, mpiga sello, ile fidla kubwa inayopigwa mtu amekaa. Albamu yake ya 2005 inaitwa “One Cello x 16: Natoma”. Jina tu linakueleza: sello ni moja, sauti ni nyingi. Akijitambulisha huanza na sello, kompyuta anayoiendesha kwa mguu inafuata nyuma. Ndiyo mpangilio ninaokutaka uuige.

Sasa jukwaani, maana bango halimalizi ubishi. Kabla ya wimbo wa kwanza, mshushie maiki mteja wa meza ya mbele na umwombe agonge glasi yake kwa kijiko. Kanyaga pedali, agonge mara nne, kanyaga tena. Glasi inaanza kujirudia yenyewe. Gonga ubao wa gitaa kwa kiganja chini yake, weka besi kwa nyuzi mbili nene, halafu nyamaza kidogo waisikie. Glasi ile hukuja nayo kutoka nyumbani, na meza nzima inajua. Marc Rebillet, Mmarekani anayejiita Loop Daddy, amejijengea jina kwa njia hiyohiyo ya kuokota kitu mbele ya watu: hupokea simu za watazamaji akiwa hewani na kuunda wimbo kutokana na walichosema. Joho lake la kuogea ni habari nyingine, wewe vaa shati.

Kuna jambo wapigaji wengi hawalioni kwa sababu wao wamesimama. Hotelini watu wamekaa, meza zinaziba, na mguu wako hauonekani kabisa. Mimi kama fundi mitambo ningekuwekea pedali juu ya kreti ya soda na taa ndogo juu yake. Au tafuta mtambo wa mezani kama Boss RC-505, uliotoka 2013, unaoendeshwa kwa mikono. Watu wanaona vidole vikibonyeza na taa zikizunguka. Ukirekodi klipu ya kumtumia meneja, simu ikae mahali inaponasa mkono na mguu pamoja, na usiikate katikati. Mwimbaji wa Scotland, KT Tunstall, alijulikana hivyo mwaka 2004: aliitwa ghafla kwenye kipindi cha muziki cha Jools Holland, kwenye televisheni ya Uingereza, kuziba pengo la msanii aliyeshindwa kufika, na watazamaji wakaona wimbo mzima ukijengwa na mwanamke mmoja tangu pigo la kwanza.

*Shikamoo Fundi. Naimba Arusha kwa mtambo wa lupu. Nijitangaze kama “bendi ya mtu mmoja, nafuu kuliko bendi”?*
*Mwimbaji, Njiro*

Marahaba. Nusu ya kwanza ikae, nusu ya pili ifute. Ukijiuza kwa unafuu, siku utakayotaka kuongeza bei meneja atakuonyesha bango lako mwenyewe. Halafu mimi nimelelewa na bendi za Dar, nimepanga maiki mbele ya wapiga tarumbeta na gitaa nne. Wale hawafanyi kazi yako, nawe hufanyi yao. Lupu haiwezi kubadilisha sebene ikiona watu wameinuka kucheza, inarudia ulichoipa. Sema unachokiweza peke yako, kama kujiitikia kwa sauti zako mwenyewe. Hapo hakuna wa kukulinganisha na bei ya mpiga ngoma.

*Fundi, niorodheshe vifaa vyangu kwenye bango?*
*Msomaji, Dodoma*

Hapana. Majina ya pedali yanawafurahisha wenzako, kama wale wanaokutana kwenye tamasha la lupu la Santa Cruz, California. Orodha hiyo mpe fundi wa ukumbi: laini ngapi zinatoka kwako, umeme wa aina gani, na kwamba lazima upate monita yako mwenyewe, yaani spika ya kujisikia jukwaani, kwani usipoisikia lupu vizuri utaikanyaga nje ya pigo na itakufuata wimbo mzima. Mtumie siku mbili kabla, asiipate wakati anafunga nyaya.