Kipisi cha sigara hakifukiwi njiani
Ndugu, ukiuliza kama unaweza kufukia kipisi cha sigara njiani mnapotembea milimani, jibu ni hapana: hata ukikifukia hakiozi kama karatasi. Kile kichungi cheupe unachodhani ni pamba ni plastiki, selulosi asetati, na kinakaa ardhini miaka mingi. Mvua ikikifukua kinasombwa korongoni pamoja na sumu yake, na mbuzi wanakunywa hapo hapo. Natembeza watu milima ya Irangi, Kondoa, na wavutaji wa safari ndefu wanaojua kazi wana kikopo cha pipi chenye mfuniko. Unazima juu ya jiwe, unabonyeza hadi kipoe kabisa, unatia ndani, unafunga. Chupa ya maji tupu yenye maji kidogo chini inafaa pia, ila inanuka balaa ukiifungua!

Kuvuta huku mnatembea msifanye, maana aliye nyuma yako ndiye anayeula moshi wote huku anahema mlimani. Subirini mapumziko, mvutaji akae upande upepo unakoelekea. Na chini ya miamba yenye michoro kule Kolo, sigara marufuku kwangu, sina mjadala. Michoro ile iko kwenye Urithi wa Dunia tangu 2006.

Kuanzia Juni hadi mvua za Novemba au Desemba huku kwetu Dodoma nyasi zimekauka, cheche moja inatosha. Kipindi hicho mimi huwaambia wavute kwenye barabara ya udongo mtupu tu, au wasubiri tufike kambini.