Sheria Niliziandika Mimi, na Aliyepinduka Ni Mimi

Tuko mwaka 2021, na juzi dada mmoja msomaji wa hapa kaniandikia. Klabu yao ya makasia ilifungwa tena wimbi la pili la korona lilipoingia, sasa wameruhusiwa kurudi majini, na kazi ya usalama kakabidhiwa yeye. "Kaka," anasema, "naomba zile sheria zenu za mwaka jana nizinakili, tunafungua Jumamosi."

Dada yangu, sheria nitakupa. Ila nikikupa karatasi tupu nitakuwa nimekudanganya, maana karatasi ile ilibaki kidogo tu inizamishe.

Turudi Machi 2020. Tarehe 11 Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa hili ni janga la dunia nzima, tarehe 24 Olimpiki ya Tokyo ikaahirishwa, na mashindano ya makasia ya vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge kule Uingereza yakafutwa kwa mara ya kwanza tangu Vita Vikuu vya Pili. Mimi nilikuwa najiandaa kwa mashindano yangu madogo ambayo hakuna gazeti lingeyaandika, lakini uchungu nilioupata ungedhani ni mimi niliyekatiwa tiketi ya Tokyo. Ninyi mnanielewa. Mpiga makasia akikosa maji wiki mbili, nyumba nzima inajua.

Miezi mitatu na nusu nilivuta mashine ya mazoezi ya makasia nikitazama ukuta. Hapo hakuna hadithi.

Ruhusa ilipokuja, kamati ikaniita niwe afisa usalama. Nikakaa siku tatu, nikatoka na kurasa 4. Acha niseme bila aibu: zilikuwa kurasa nzuri. Mtu anajiandikisha saa yake kabla ya kuja, na uwanjani hawazidi sita. Anakuja amevaa tayari, vyumba vya kubadilishia nguo vimefungwa. Mlango wa kuingilia si wa kutokea. Barakoa nchi kavu, anaivua akishakaa kwenye mashua, kwa sababu barakoa iliyolowa inaziba pumzi na haimkingi mtu yeyote. Kila mmoja na jozi yake ya makasia, imefungwa utepe wa rangi yake. Mishikio inaoshwa kwa maji na sabuni kabla na baada. Mwenye homa, kikohozi, au asiyesikia harufu ya vitu, abaki kwake. Daftari la nani alikuja saa ngapi linatunzwa, ili mtu akiugua tujue wa kumpigia simu.

Na mashua za mtu mmoja tu. Hili nililipigania. Mashua ya mtu mmoja ina urefu wa kama mita 8, watu wawili wakiibeba mmoja omo na mwingine tezi, umbali unajipima wenyewe. Ile ya watu wanane inataka wanane bega kwa bega hata kuitoa kwenye rafu, halafu mshika usukani anakaa uso kwa uso na mpigaji wa kwanza, hawapishani hata mita moja, mmoja anapiga kelele na mwingine anahema kwa nguvu zote. Ukitaka kubuni njia ya kumwambukiza mtu, hutapata bora kuliko hiyo.

Asubuhi ya kufungua, saa kumi na mbili, nilijipangia zamu ya kwanza mwenyewe. Nani mwingine? Nilikagua chupa za sabuni, nikakagua alama za mita 2 nilizochora chini kwa chaki, nikakagua daftari. Mtu akanipiga picha nikitabasamu nyuma ya barakoa. Nikatia mashua majini, nikakaa, nikasukuma gati, na nakuambia machozi yalinilenga.

Sikuikagua mashua.

Ilikuwa imelala rafuni siku zaidi ya mia moja. Kabla ya janga nilikuwa siingii majini bila kugusa kila kokwa, ndivyo nilivyofundishwa. Siku ile mikono yangu ilikuwa safi kuliko ya daktari wa upasuaji, lakini kile kifungo kinachofunga kishikio cha kasia la kulia, pale kasia linapokaa ubavuni mwa mashua, sikukikaza. Nikaenda mita mia nane hivi, taratibu, nikajiona mzima. Mashine ilikuwa imenidanganya kwamba nina nguvu kuliko zamani. Pengine nilikuwa nazo. Ila mashine haiyumbi, na mashua ya mtu mmoja huanzia kilo 14 kwa kanuni za mashindano, haina huruma na mtu aliyesahau kukaa. Nikavuta kwa nguvu mara tatu, nne, kasia la kulia likachomoka kwenye kishikio. Waliowahi kuona hilo wanajua kwamba baada ya hapo hakuna cha kufanya. Makasia ndiyo mabawa yako, bawa moja likitoka unageuka.

Maji yalikuwa ya baridi ya kukata. Pumzi ilinitoka yote, halafu ikawa inaingia tu, haitoki. Na mguu wa kushoto ukagoma kutoka kiatuni, maana viatu vyetu vimefungwa kwenye mashua. Kuna kamba ndogo inayoshika kisigino cha kiatu kisiinuke zaidi ya sentimita 7, ili ukipinduka mguu uchomoke wenyewe. Yangu ilikuwa imeoza. Kamba ya urefu wa kidole! Nilipinda nikiwa chini ya maji, nikafungua kiatu kwa vidole visivyosikia, nikatoka.

Sasa sikilizeni hili, ndilo lililonifanya niandike leo. Boti ya uokoaji ilifika haraka. Anayeiendesha ni mzee wetu mmoja wa kujitolea, umri wake umepita miaka sitini, na ni kwa ajili ya watu kama yeye niliandika kwamba kwenye boti akae mtu mmoja tu, na asimkaribie mtu chini ya mita 2. Akaja, akapunguza mwendo, akasimama. Mita 2 kamili. Mimi nimekumbatia mashua iliyolala tumbo juu, meno yanagongana, na yeye ananitazama juu ya barakoa yake.

"Mwanangu," akauliza, "nisogee?"

Aliuliza kwa sababu mimi ndiye niliyemwandikia. Mzee mtiifu kuliko sisi sote. Nikajaribu kujibu, sauti haikutoka. Naye bila kungoja akasema, "Potelea mbali," akaja. Lakini peke yake hakuweza kuishika boti na kunipandisha kwa pamoja. Alinifunga kamba kwapani akanivuta polepole hadi kina kifupi, nikatambaa nchi kavu kama kasa.

Wanaofundisha habari za maji baridi sana wana hesabu yao: dakika 1 ya kuituliza pumzi, dakika 10 ambazo mikono bado inakusikiliza, kisha kama saa 1 kabla baridi haijakuzimisha. Korona inakupa siku kadhaa kabla hujajua kama umeipata. Mimi niliandika kurasa 4 za adui wa siku kadhaa, na adui wa dakika 10 hakupata hata mstari. Ndugu zangu, hapa ndipo tunapokosea wengi. Hofu mpya ikiingia inafukuza ile ya zamani, na ile ya zamani haijaacha kazi. Maji hayakufungiwa ndani. Hayakupoteza mazoezi.

Basi ushauri wangu, dada. Kagua mashua kabla ya sabuni. Kila kokwa, kila kifungo, kamba za visigino uzivute kwa nguvu, vifuniko vya vyumba vya hewa viwe vimefungwa la sivyo mashua haitaelea ikijaa maji, na kile kipira cheupe cha ncha ya mbele, kinachokinga wengine mkigongana, kiwepo. Halafu sabuni. Halafu kagua tena. Boti ya uokoaji ipande watu wawili, ikiwezekana wanaoishi nyumba moja, na wabebe barakoa kavu za akiba kwenye mfuko usioingia maji, pamoja na jaketi okozi na blanketi la ziada. Na andika kwa herufi kubwa, mwanzoni kabisa, kwamba mtu akiwa majini hakuna mita 2. Anayezama anashikwa. Mtanawa baadaye. Wiki mbili za kwanza msiende mbali na gati, hata wale wanaojiita mabingwa, na hao hasa. Viganja vitakuwa laini, malengelenge yatapasuka, na mshikio wenye damu hauazimwi kwa mtu. Na kagua mashua. Nimeshasema? Nasema tena.

Sasa mnataka kujua klabu ilinichukuliaje. Kwenye kundi letu la WhatsApp picha yangu ya tabasamu ilirushwa ikiwa na maneno "Afisa Usalama amejaribu maji". Nilicheka nao, siku ya kwanza. Siku ya tatu kiongozi mmoja akaandika kwamba ajali yangu imethibitisha sheria zangu ni mzigo usio na faida, na tukio lile lile likawa sababu ya kuitoa mashua ya watu wanane mapema kuliko nilivyopanga. Sikuona ajali yangu na mashua ya wanane vinahusiana nini, lakini nani angemsikiliza mtu aliyetambaa kama kasa?

Wiki mbili baadaye mmoja wa wale wanane alikutwa na virusi. Tisa wakajifungia siku 14, wanane na mshika usukani wao. Hakuna aliyelazwa, namshukuru Mungu kwa hilo. Mimi sikusema kitu. Haya, nilisema kidogo. Niliurusha tena kundini ule ukurasa wa tatu, wa mashua za mtu mmoja tu, bila maelezo.

Hakuna aliyeomba radhi hadi leo. Sidai. Ila nimeona mwaka huu wa 2021 hata Oxford na Cambridge wameuacha mto wao wa siku zote, Thames wa London, wakaenda kushindana kule mji mdogo wa Ely bila watazamaji, na dunia haikuwacheka.

Mzee wa boti alikaa siku kumi na nne akijipima homa kwa sababu yangu, na kila asubuhi alinitumia namba tu: 36.5, 36.7, 36.4. Siku ya kumi na tano akaandika, "Mwanangu, kamba zile za viatu nimezibadilisha zote." Dada, karatasi nakutumia leo jioni. Mstari wa kwanza nimeufuta nikauandika upya, na huo umetoka kwake.