Kompyuta ya saloni inadai mfumo mpya: nikubali, au nitapoteza video za familia?

SWALI

Yambo fundi. Niko Katuba, hapa Lubumbashi. Tuna kompyuta ya mezani ya HP, prosesa ya Core i3 ya kizazi cha 4, RAM gigabaiti 4, diski ya terabaiti 1. Imeunganishwa na televisheni ya saloni (sebule) kwa kebo ya HDMI. Mdogo wangu aliiwekea mfumo wa Ubuntu 18.04 na Kodi, programu ya kutazamia filamu, kisha akahamia Kolwezi. Humo tunatazama filamu, watoto wanaandika kazi za shule, na ndimo zilimo video zote za familia: ndoa yetu, ubatizo wa watoto, kilio cha marehemu baba. Siku hizi viongezi vya Kodi (programu ndogo za kuiongezea kazi) vinakataa kuingia, na tovuti nyingine hazifunguki. Kila nikiwasha, kidirisha kinaniambia kuna toleo jipya, nikubali. Naogopa. Delestaji (mgao wa umeme) ikikata katikati itakuwaje? Zitakwenda mega ngapi za intaneti? Jirani anasema niweke Windows 11 tu, yaishe. Aksanti.
Mama wa watoto wanne, Katuba

JIBU

Yambo mama. Umefanya vema kusita mbele ya kile kidirisha, na ninakuomba uendelee kukikataa. Mfumo mpya unauhitaji kweli, lakini usiuingize kwa mlango huo, juu ya diski hiyohiyo iliyobeba kilio cha baba yako.

Kwanza ujue kwamba hujaharibu kitu. Ubuntu 18.04 ilitoka Aprili 2018, na masasisho yake ya kawaida yalikoma mwaka 2023. Kivinjari kilichozeeka hakielewani tena na tovuti za leo. Kuhusu Kodi, mwezi wa Februari 2021 lilitoka toleo la 19, nalo likahamisha viongezi vyote kutoka Python 2 kwenda Python 3, lugha ambayo viongezi huandikwa kwayo. Watengenezaji wa viongezi wakafuata huko. Nadhani mdogo wako alikuachia toleo la 18 au la 17, na ndiyo maana kila kiongezi kipya kinagonga mlango kinarudi.

Sasa, kwa nini nakataa kile kidirisha? Matoleo ya Ubuntu yanayodumishwa kwa muda mrefu hayarukwi. Kutoka 18.04 unakwenda 20.04, kisha 22.04, kisha 24.04. Hizo ni safari tatu, na kila safari inapakua gigabaiti moja au zaidi na kubadilisha maelfu ya vifurushi kwenye diski ya kuzunguka, ambayo ni polepole. Mara tatu unaivua nyumba paa, na mara tatu unaomba mvua isinyeshe. Umeme ukikatika wakati vifurushi nusu ni vya zamani na nusu ni vipya, kompyuta inaweza kugoma kuwaka kabisa. Inatibika: fundi ataingia kwa njia ya uokoaji, ataandika sudo dpkg --configure -a na kuikamilisha kazi iliyokatika. Nimefanya hivyo mara nyingi. Lakini sitaki uifikie siku ya kumtafuta fundi usiku huku video zako zote zimo ndani.

Njia yangu ni hii. Nunua SSD ndogo (diski ya kasi isiyozunguka), ya gigabaiti 240 (hata 120 inatosha), na kebo yake ya SATA, ile ya kuiunganisha na bodi kuu. Fungua sanduku la kompyuta, chomoa nyaya za diski ya zamani, chomeka SSD, weka mfumo mpya juu ya SSD tupu. Diski ya zamani ikae pembeni, haina waya, haina umeme. Diski isiyochomekwa haifutiki.

Nasisitiza kuichomoa kwa sababu ya kitu nilichokiona kwa macho yangu. Familia moja niliyoisaidia hapa mjini ilikuwa na diski mbili ndani ya kompyuta moja. Kijana wao akaanza kuweka mfumo mwenyewe, akafika kwenye ukurasa wa kuchagua diski. Pale hakuna majina ya watu, kuna sda na sdb tu, majina ambayo Linux huzipa diski. Akachagua moja, akabonyeza. Ilikuwa ile yenye picha. Nilikaa nayo siku tatu nikitumia programu ya kuokoa faili, nikarudisha sehemu, nyingi bila majina, nyingine zimekatika katikati. Mama wa nyumba ile alikuwa akiniuliza kila jioni kama nimeipata picha moja tu, na sikuipata. Tangu siku ile sianzi kuweka mfumo kabla ya kuchomoa diski ya familia.

Na delestaji? Angalia jinsi hofu yako inavyopungua. Kuweka mfumo kutoka kwenye flashi hadi SSD tupu huchukua kama dakika 20. Umeme ukikatika katikati, hakuna ulichopoteza: utaanza upya ukirudi. Kama unaweza kuazima onduleri (betri ya kushikilia umeme ukikatika) ya ofisini au ya parokia kwa saa moja, azima. Kama huwezi, usisubiri.

Kabla ya bisibisi, fanya nakala. Hata diski isiyoguswa inaweza kufa yenyewe, na ya kwako imezunguka miaka mingi. Fungua programu ya Diski iliyo ndani ya Ubuntu, utazame hali ya SMART, yaani ripoti ya diski kuhusu afya yake. Ikitoa onyo lolote, au ukisikia diski inagonga tik-tik, acha mambo mengine yote, nakili video za familia kwanza. Filamu zitapatikana tena, ubatizo haurudiwi. Tumia diski ya nje iliyofomatiwa exFAT, mpangilio unaopokea faili kubwa. Flashi nyingi huja na FAT32, ambayo haipokei faili moja inayozidi gigabaiti 4, na video ya ndoa iliyotoka kwa mpiga kamera mara nyingi huzidi hapo. Watu huona ujumbe wa kukataliwa wakidhani flashi imejaa au video imeharibika, kumbe ni ile fomati tu. Ukimaliza kunakili, fungua video mbili tatu kutoka kwenye diski ya nje yenyewe, uzitazame mpaka mwisho. Kisha diski hiyo ilale nyumba nyingine, kwa dada au kwa mama mkwe.

Kuhusu ushauri wa jirani: Windows 11 inadai rasmi prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha 8 na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Ya kwako ni kizazi cha 4. Kuna njia za kuilazimisha, lakini utakuwa na mashine ambayo Microsoft haijaahidi kuiendeleza. Na kurudi Windows 10 hakufai, kwani msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025.

Kama kompyuta hii ingekuwa ya filamu na nyimbo tu, ningekuambia uweke LibreELEC, mfumo mdogo unaowasha Kodi na kuishia hapo. Upakuaji wake ni wa megabaiti mia chache, na mega zako zingepona. Lakini watoto wanaandika kazi za shule humo, kwa hiyo wanahitaji meza kamili, yaani mfumo wa kompyuta wa kawaida. Kwa RAM ya gigabaiti 4 nachagua Linux Mint 22, mfumo ndugu wa Ubuntu, yenye sura nyepesi iitwayo Xfce. Ni nyepesi, menyu yake iko mahali ambapo macho huitafuta, na masasisho yake yanaendelea hadi mwaka 2029. Ukipata kipande cha RAM cha DDR3 cha gigabaiti 4, kiongeze siku hiyohiyo sanduku likiwa wazi, maana kivinjari cha siku hizi kinakula RAM kuliko mfumo wenyewe.

Faili la Mint Xfce ni karibu gigabaiti 3. Hizo ndizo mega zako, pamoja na gigabaiti moja hivi ya masasisho baadaye. Linganisha na zile safari tatu. Si lazima uzitoe kwenye simu yako: mpe flashi ya gigabaiti 8 mtu mwenye laini nzuri kazini, akupakulie. Ila faili likipita mikono mingi huharibika njiani, na faili bovu huleta makosa ya ajabu katikati ya kazi. Kwa hiyo likifika kwako, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika sha256sum kisha jina la faili. Utatoka mstari wa herufi na tarakimu 64. Zilinganishe na zile zilizochapishwa kwenye tovuti ya Linux Mint. Zikitofautiana hata moja, usilitumie. Likiwa sawa, liandike kwenye flashi kwa programu ya kutengeneza diski ya kuwashia iliyomo Ubuntu, au kwa Rufus kama unatumia Windows ya mtu. Kulinakili tu kama filamu hakutoshi, flashi haitawaka.

Siku yenyewe: chomeka flashi, washa, bonyeza F9 mfululizo ili HP ikuonyeshe orodha ya kuwashia, chagua flashi. Chagua Kifaransa kama ndicho watoto wanachosoma. Halafu inakuja sehemu inayofungia watu nje ya kompyuta zao: kibodi. Mashine nyingi za hapa ni za AZERTY (mpangilio wa vitufe wa Kifaransa), na kuna AZERTY mbili. Kibodi za kutoka Ubelgiji zina @ kwenye kitufe cha 2 pamoja na AltGr, za Ufaransa ni kwenye kitufe cha 0. Tazama vitufe vyako kabla ya kuchagua. Ukiacha ile ya Marekani, A yako itakuwa Q, Z itakuwa W, na M itakuwa alama nyingine kabisa. Utaandika neno la siri ukidhani ni moja, kumbe limehifadhiwa lingine. Kuna kisanduku cha kujaribia pale pale: andika humo neno la siri lote, ulisome kwa macho, ndipo uendelee.

Kwenye ukurasa wa diski, kwa kuwa SSD iko peke yake, chagua bila hofu "Effacer le disque et installer Linux Mint". Kwenye ramani ya saa, bonyeza Lubumbashi. Ukichagua Kinshasa utakuwa nyuma saa nzima.

Nikiwa kwenye saa: kompyuta za umri huu mara nyingi zina betri ndogo ya CR2032 iliyokufa kwenye bodi kuu. Kila umeme ukikatika, tarehe inarudi miaka ya nyuma. Hapo tovuti zote zitakuambia muunganisho si salama, na masasisho yatagoma, nawe utalaumu mfumo mpya bure. Badilisha betri hiyo sanduku likiwa wazi. Ni kidude cha faranga kidogo, na kinauzwa hata kwa mafundi wa saa.

Mfumo ukishawaka vizuri kutoka SSD, zima, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha rudisha nyaya za diski ya zamani. Washa huku ukibonyeza F10, uhakikishe SSD ndiyo ya kwanza kwenye mpangilio wa kuwasha, vinginevyo utaikuta Ubuntu ya zamani inakusalimia. Ndani ya Mint, diski ya zamani itaonekana kwa ukubwa wake tu. Ifungue, ingia home, kisha folda yenye jina alilotumia mdogo wako: video zako zimo. Zitakubali kufunguka, kwa sababu Linux hutambua mwenye faili kwa namba, na mtumiaji wa kwanza hupewa namba 1000 kwenye Ubuntu na kwenye Mint vilevile. Katika programu ya Diski, iagize ifunguke yenyewe kila unapowasha.

Weka Kodi kutoka kwenye duka la programu la Mint. Utapata toleo la 20. Toleo la 21 lipo kwa njia ya Flatpak, namna nyingine ya kuweka programu, lakini inapakua mambo mengi zaidi, na kwa matumizi yako sioni faida ya mega hizo. Usihamishe folda ya mipangilio ya zamani. Njia ya faili imebadilika, na Kodi itakuonyesha filamu zilezile kama hazipo. Ionyeshe Kodi folda upya, iisome yenyewe usiku mmoja.

Sauti ikitoka kwenye kompyuta badala ya televisheni, ingia mipangilio ya sauti uchague HDMI, kisha uchague hivyohivyo ndani ya Kodi. Ni kazi ya dakika moja, na karibu kila mtu hupitia hapo.

Kuna jambo moja ambalo mfumo mpya hautaliponya, nakuambia mapema usije ukahuzunika. Prosesa yako ya kizazi cha 4 haina sehemu maalumu ya kufungua video za HEVC, zile ambazo jina la faili huandikwa x265. Intel walianza kuiweka kwenye kizazi cha 6, na ile ya biti 10 kwenye kizazi cha 7. Kwako kazi yote inaangukia prosesa: za 1080p kwa kawaida zitapita, za 4K zitakwamakwama hata ukiweka mfumo gani. Kijana anayewanakilia watoto filamu mwambie akutafutie za x264. Zinakula nafasi zaidi, lakini mfumo mpya hauli nafasi kwenye diski yako ya terabaiti 1.