Maji yaliyolainishwa bado yana chumvi

SWALI: Nina kisima nyumbani Bamburi na maji yake ni ya chumvi. Nimefungiwa mashine ya kulainisha maji, ile yenye mtungi wa resini (chembechembe zinazonasa madini) na pipa la chumvi, na aliyeniuzia alisema inaondoa chumvi. Sabuni sasa inatoa povu zuri, lakini gari langu jeusi likikauka baada ya kuoshwa bado lina madoa meupe. Fundi anasema niongeze chumvi. Nimsikilize? Na maji haya hayataharibu rangi ya gari?

JIBU: Usiongeze chumvi. Mashine yako ni nzima, na hilo povu ndilo ushahidi. Mwenye makosa ni aliyekuuzia huku akikuambia kwamba inaondoa chumvi kwenye maji.

Uongo huu nakutana nao karibu kila wiki, na unapenya kwa urahisi kwa sababu sisi wa Pwani tunasema "maji ya chumvi" tukiwa na maana mbili. Kuna ugumu, yaani chokaa inayoyeyuka kutoka kwenye mwamba wa matumbawe, mwamba uleule uliochimbwa hapo kwenu Bamburi kutengenezea saruji tangu miaka ya 1950. Halafu kuna chumvi yenyewe, ile ya bahari, inayopenya visimani hasa tunapovuta maji kupita kiasi. Mashine ya kulainisha inashughulika na ugumu peke yake. Tena haiondoi kitu bila kurudisha kingine: resini hukamata kalsiamu na magnesiamu, ikaachia sodiamu mahali pake. Kwa kila gramu 40 za kalsiamu zinazotoka, gramu 46 za sodiamu zinaingia. Chumvi ya bahari iliyokuwamo inapita kama ilivyo.

Kwa hiyo tone likikaukia kwenye boneti, mabaki yake kwa uzito ni yaleyale, au yamezidi kidogo. Ulichofaidi ni aina ya doa. Doa la chokaa hung'ang'ania rangi, na jua likilipiga siku baada ya siku linaacha alama. Doa la sodiamu huyeyuka tena. Chukua kitambaa kibichi upanguse moja: likitoka papo hapo, ni la maji yaliyolainishwa. Likigoma, ni chokaa ya zamani, au resini imechoka na inahitaji kusafishwa kwa maji ya chumvi kutoka kwenye lile pipa. Hiyo ndiyo kazi pekee ya chumvi ile. Baada ya kusafishwa, resini isuuzwe hadi maji ya bombani yasizidi ladha ya chumvi kuliko siku zote, ndipo uyatumie.

Rangi haitadhurika ukilikausha gari mapema. Chuma cha chini ya gari ndicho cha kuangalia, maana kisima chenye chumvi kinaharakisha kutu pale palipokwaruzika, na kulainisha hakupunguzi hilo hata kidogo.

Osha asubuhi, kivulini, bodi ikiwa imepoa. Suuza sehemu moja, kausha kwa kitambaa cha maikrofaiba, ndipo uende nyingine. Maji ya kumalizia yawe ya mvua. Masika ikianza, acha mvua za mwanzo zioshe vumbi la paa, kisha kinga pipa chini ya mfereji. Ndoo moja ya lita 20 inatosha gari dogo. Maji hayo ni laini kwa asili yake, na hayana karibu chochote cha kubaki yakikauka. Wasio na nafasi ya pipa watumie maji ya mashine ya utando unaochuja hata chumvi, ile mafundi wanayoiita RO.

Wapo wanaomwaga chumvi ya jikoni kwenye tangi eti "wanalainisha". Hao wanaongeza chumvi juu ya chumvi. Wapo wanaouza sumaku za kufunga kwenye bomba, ambazo hazitoi hata chembe ya kalsiamu. Wabaya kupita wote ni wanaofuta madoa kwa tindikali ya betri au dawa ya choo. Rimu za alumini zinaliwa, rangi inafubaa, na mwenye gari anaambiwa ni maji.

Gari hupigwa rangi upya. Kinachonikera zaidi ni kwamba mashine hiyohiyo inauzwa kwa wenye watoto na wazee kama "mashine ya kutoa chumvi", nao wanakunywa. Mtu wa shinikizo la damu aliyekatazwa chumvi na daktari anaongezewa sodiamu katika kila glasi, huku akiamini anapunguziwa. Maji ya jikoni yasipitishwe kwenye resini. Fungiwa bomba la pembeni linalotoka kabla ya mashine, na kama kisima kina chumvi, hilo la kunywa lipite kwenye utando.

Kabla hujalipa, mwambie fundi alete kipima TDS, yaani kifaa cha kupima jumla ya chumvi na madini yaliyoyeyuka majini, apime mbele yako, maji yanayoingia na yanayotoka. Namba hizo mbili zikikaribiana, hiyo ni mashine ya kulainisha tu, hata kama risiti imeandikwa vingine.