Shughuli iko Lamu, wewe uko Birmingham

Walio ng'ambo wakitaka kufanya shughuli nyumbani, kama harusi au maulidi, huanza na tarehe, kisha pesa. Anza na mtu. Shughuli za mbali huharibika kwa kukosa msimamizi kuliko kwa kukosa fedha: pesa imefika, mbuzi wamenunuliwa mara mbili, na mpishi hajapewa arubuni kwa kuwa kila mmoja alidhani mwenzake amempa.

Msimamizi asiwe mama yako. Siku hiyo mama ndiye anayepewa mkono wa kheri, atakuwa amekaa na wageni, na ataona haya kumdai risiti muuza kuni ambaye ni jirani yake. Mchague shangazi, binamu au mdogo wako mwenye miguu myepesi na daftari. Mtangaze kwenye kundi la familia ili wote wasikie kwamba shughuli iko mkononi mwake, kisha mwachie. Ukipigia watu watano simu kuuliza jambo moja, umejitengenezea wasimamizi watano.

Pesa ya shughuli isiingie laini inayopokea matumizi ya mwezi. Ikichanganyika italipa stima na karo, na hakuna atakayekuwa ameiba. Itume kwa mafungu matatu: arubuni ya mpishi, turubai, viti na masinia wiki tatu kabla; mchele, mafuta, sukari na viungo wiki moja kabla; nyama, mboga, barafu na ujira wa vibarua siku mbili kabla. Fungu la mwisho ndilo lisilosubiri, na ndilo watu hulichelewesha. Kampuni za kutuma pesa huweza kuizuia kwa uhakiki, hasa mpokeaji akiwa mpya, kwa hiyo mtumie msimamizi kiasi kidogo mapema kwa jina lake kama lilivyo kwenye kitambulisho. Kumbuka pia kwamba muamala mmoja wa M-Pesa hauzidi shilingi 250,000, na laini haishiki zaidi ya 500,000. Kwenye bajeti weka fungu la hamali. Mji wa Lamu hauna lori la kukufikishia gunia mlangoni. Kila kilo inayoshuka gatini hupanda mtaani kwa mkokoteni, punda au bega la mtu, na gharama hiyo ndiyo husahauliwa na aliyezoea kuletewa vitu nyumbani.

Sasa tarehe. Likizo yako ni kalenda moja tu kati ya tatu. Zimebaki ya Kiislamu na ya bahari. Mfungo Sita, mwezi wa kuzaliwa Mtume, Maulidi ya msikiti wa Riyadha yakikaribia, vyumba vimejaa, boti zimejaa na wapishi wameshikwa. Masika, Aprili hadi Juni, turubai moja halitoshi, na kusi, upepo wa kutoka kusini, likikaza wageni wa Faza, Siyu na Kizingitini kisiwani Pate huja kwa shida. Hata bahari ikiwa nyepesi, boti za kutoka Pate hupita mlango wa bahari wa Mkanda maji yakiwa yamejaa, hivyo saa ya wageni hao kufika na kuondoka huamuliwa na maji, siyo na kadi yako. Muulize nahodha kabla hujachapisha kitu.

Kwenye kadi andika siku na tarehe kwa ukamilifu. Mzee akisema "usiku wa Ijumaa" anakusudia Alhamisi baada ya magharibi; kijana wa ng'ambo hukata tiketi ya Ijumaa usiku, akakuta watu wanakunja mikeka. Andika "Alhamisi jioni, kuamkia Ijumaa", na uweke saa za pande zote mbili. Uingereza iko nyuma ya Lamu kwa saa tatu wakati wa baridi na saa mbili wakati wa kiangazi. Minneapolis iko nyuma kwa saa tisa, kisha nane. Saa za Doha na Riyadh ni zilezile za nyumbani.

Wageni wa kigeni, wakwe au wenzako wa kazini, wanahitaji eTA, idhini ya kusafiri inayoombwa mtandaoni, iliyochukua nafasi ya viza ya Kenya tangu Januari 2024. Baadhi ya mataifa yamesamehewa, wakiwemo wa Afrika Mashariki. Waombe mtandaoni mapema, wasingoje wiki ya safari.

Chakula. Kilo moja ya mchele wa pilau hulisha watu wanane wakila pilau peke yake, kumi kukiwa na sambusa na kaimati. Kwa watu 100 hesabu mchele kilo 12 na nusu, nyama yenye mifupa kilo 12, viazi kilo 6, vitunguu kilo 4, saumu nusu kilo, tangawizi robo tatu, bizari ya pilau gramu 200 na mafuta lita 2. Kisha ongeza mchele kilo mbili na nyama kilo mbili kwa sahani zinazopelekwa kwa wagonjwa, wazee na majirani wasiotoka. Ukizisahau sahani hizo, lawama atazipata mama yako kwa mwaka mzima, wewe utakuwa umesharudi kazini. Keki ya krimu usiiagize Mombasa: itapanda basi mpaka Mokowe, kisha boti, na joto lote la njiani. Iagizwe Lamu, au ije kavu na kupambwa hapahapa.

Mwaliko wa WhatsApp ni taarifa tu. Kwa wazee, aliyealikwa ni yule aliyefikiwa mlangoni na mama anayezunguka mtaa kwa mtaa, au aliyeambiwa kwa mdomo msikitini baada ya sala. Mpe msimamizi orodha ya majina, na mama yako aongeze yake, kwa kuwa yeye ndiye ajuaye nani alileta sukari kwenye harusi ya dada yako na kwa hiyo hawezi kuachwa.

Mtoto akizaliwa huko, akika, mnyama anayechinjwa kwa ajili ya mtoto, yaweza kuchinjwa Lamu kwa wakala. Kwa madhehebu ya Kishafii ni mbuzi wawili kwa mtoto wa kiume na mmoja kwa wa kike. Mbuzi awe ametimiza miaka miwili, kondoo mwaka mmoja, bila kilema. Siku ya kuzaliwa huhesabiwa kuwa ya kwanza. Aliyezaliwa usiku huhesabiwa kuanzia mchana unaofuata. Hapa ndipo watu hukosea. Mtoto wa Minneapolis aliyezaliwa Jumanne saa nne usiku anaanzia Jumatano, na ya saba yake ni Jumanne inayofuata. Lakini mkichinja Lamu Jumanne hiyo saa moja asubuhi, kwa mtoto bado ni Jumatatu usiku. Wenye kujihadhari huchinja alasiri, ambapo huko kumekucha. Siku ya saba ikipita, kuna ya 14 na ya 21. Mchinjaji apewe jina la mtoto kwa maandishi, na aambiwe mapema kwamba mifupa haivunjwi: nyama hukatwa kwenye viungo. Vipande vitakuwa vikubwa, basi mpishi aviinjike mapema zaidi ya kawaida. Mbuzi wa kienyeji hutoa nyama ya kilo 10 hadi 14 hivi, kwa hiyo wawili wanatosha pilau ya watu 150 bila kununua nyama nyingine.

Nikahi ya bwana harusi aliye ng'ambo inataka uangalifu zaidi, kwa sababu kosa lake halirekebishwi kwa kuongeza mchele. Masheikh wengi hawaridhii ijabu na kabuli, yaani tamko la kuoza na la kukubali, kupitia simu. Wanataka walii (msimamizi wa bibi harusi), mkubali na mashahidi wawili wawe kikao kimoja. Dawa yake ni wakala. Bwana harusi amwambie wakala wake, mbele ya mashahidi na ikiwezekana kwa maandishi: nimekuwakilisha unikubalie nikahi ya fulani binti fulani kwa mahari kadha. Kiwango cha mahari kitajwe, kisiachwe hewani. Kwenye kikao walii aseme, "Nimemuoza fulani bin fulani binti yangu fulani," siyo "nimekuoza," kwa kuwa aliye mbele yake siye mume. Wakala ajibu, "Nimeikubali nikahi yake kwa ajili ya fulani." Akiishia "nimekubali" tu, kwa Kishafii nikahi haikusihi. Walii akiwa na wasiwasi wa kusema mbele ya watu, amwachie sheikh au kadhi amuwakilishe. Na ikiwa mnategemea cheti hicho kwa viza, ulizeni kwanza. Sheria ya uhamiaji ya Marekani haiwahesabu kuwa mke na mume waliofungishwa ndoa bila wote wawili kuwapo, mpaka wawe wamekutana kimwili baada ya ndoa.

Upande wa wanawake usiombe video. Kwenye singo (kumsinga bibi harusi kwa manukato) na kupamba, simu nyingi hukusanywa mlangoni, na sababu ni ya haki: wageni wamevua buibui wakijua hakuna mwanamume atakayewaona, nawe huko Birmingham umekaa sebuleni na mume wako pembeni. Binti aliye mbali apigiwe mchana, bibi harusi anapopakwa hina, wakiwa ndugu wa nyumba tu, na kila aliyemo aulizwe. Kamera ya simu ielekee bibi harusi na mikono ya mpaka hina, isizunguke chumba. Baada ya hapo zimeni kamera, msikilizishane vugo, nyimbo za harusi za wanawake, kwa sauti peke yake.

Kwa upande wa wanaume, video yaharibika kwa kuta. Nyumba ya mawe ina kuta nene za matumbawe; simu ikiwa ndani hushika mstari mmoja, ikitoka kiwandani (uani) au darini hushika vizuri. Fanyeni jaribio siku iliyotangulia saa ileile, kwani jioni mtandao huwa na watu wengi. Simu isiwekwe karibu na spika ya maulidi, la sivyo utasikia mngurumo tu. Iwe nyuma ya msomaji, mita tatu au nne, imeegemezwa kitu, isishikwe na mtoto. Bando liwe la GB 2 au zaidi, na chaji ya akiba iwepo kwa ajili ya stima kukatika.

Huko uliko alika hata watu sita, mle saa ileile. Wali wa nazi kwa kilo moja ya basmati: makopo mawili ya tui ya ml 400 na maji ml 700, maana tui la kopo ni zito na likitiwa peke yake wali hushika chini kabla haujaiva. Unga wa kaimati hauumuki jikoni kwenye baridi. Uweke ndani ya oveni iliyozimwa, taa yake ikiwa imewashwa. Udi usiufukize karibu na king'ora cha moshi, wala usikifunike king'ora. Fungua dirisha, na tumia chetezo cha umeme chenye moto mdogo badala ya makaa.

Mwisho wa usiku msimamizi ahesabu masinia na vijiko vya kukodi kabla vibarua hawajatawanyika, kwa sababu sinia lililopotea hulipwa kwa bei ya jipya. Na fungu dogo libaki kwenye laini yake mpaka hesabu hiyo ikamilike.