Kasuku na sokwe: majibu kwa wanaolinganisha

Kati ya kasuku wa kijivu na sokwe, nani ana akili zaidi? (Msomaji, Kigoma)

Swali hili limekuwa wimbo, na nami sichoki kuuliza: akili ya kufanyia nini? Sokwe wa Gombe, kama Jane Goodall alivyoshuhudia mwaka 1960, huchuma kijiti, hukipurura majani, hukitumbukiza katika kichuguu, kisha hukichomoa kikiwa kimeng'ang'aniwa na mchwa, akawala. Kasuku wa porini hajulikani kwa ufundi huo. Hata hivyo Alex, kasuku aliyefunzwa na Irene Pepperberg nchini Marekani tangu 1977 hadi alipokufa mwaka 2007, alionyeshwa sinia la vitu vilivyochanganywa, akaulizwa vya rangi fulani ni vingapi, na mara nyingi akajibu sawasawa kwa idadi zisizozidi 6.

Ubongo wa ndege ni kidogo tu. Kuna haja gani ya kulinganisha? (Msomaji, Nakuru)

Ubongo wa kasuku hauzidi gramu 10, na wa sokwe hukaribia 400. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba seli za neva za kasuku na kunguru zimesongamana kuliko za mamalia wengi wenye ubongo wa uzito huohuo. Kwa jumla sokwe bado anazo nyingi zaidi.

Mbona kasuku husema, na sokwe aliye karibu nasi kinasaba hasemi?

Kasuku huzaliwa na uwezo wa kujifunza sauti mpya, na porini huutumia kwa wenzake. Sokwe hana udhibiti huo wa sauti, ingawa sokwe aitwaye Washoe alifundishwa ishara za mikono nchini Marekani katika miaka ya 1960. Nawaombeni msiniletee tena hoja kwamba asiyesema hafikiri.

Nyani huyu pichani hula chakula kimoja na kasuku?

Aliye pichani ni sokwe, kwani hana mkia. Wote wawili hupenda chikichi.

Yupi anafaa kufugwa nyumbani? (Msomaji, Dar es Salaam)

Hafai hata mmoja, na naona maswali mengi ya akili huishia hapa. Mtoto wa sokwe hapatikani ila mama yake, na pengine jamaa wanaomtetea, wauawe kwanza. Na sokwe jike huzaa mtoto mmoja, kisha hukaa takriban miaka mitano kabla ya kuzaa mwingine. Kasuku naye akiwekwa peke yake tunduni huweza kujinyonyoa manyoya mpaka kifua kikabaki ngozi tupu. Sokwe alikuwa tayari katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea ya porini, na mkutano wa Johannesburg wa mwaka 2016 uliamua kumweka kasuku wa kijivu humohumo, hivyo biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imepigwa marufuku. Muuzaji akikuapia kwamba ndege wake alianguliwa tunduni, mdai hati kabla hujatoa hata senti.

Nani huishi zaidi?

Wote wanaweza kupita miaka 40 wakitunzwa vyema. Wewe uliyeuliza, unayesema umestaafu na unatafuta kasuku mchanga, hukunieleza atakayemrithi ni nani.