Jeraha la jelatini linayeyuka juani, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo fundi. Tunapiga filamu fupi hapa Lamu, mitaa ya Langoni na ufukweni Shela. Kuna kijana anakatwa kisu mkononi. Nilichemsha jelatini na glisarini, nikamfinyangia jeraha likapendeza kweli, lakini kufika saa sita kingo zikaanza kuteleza, shoti ikaharibika. Niongeze jelatini? Pesa ndiyo hivyo, hatuna.

JIBU: Marahaba. Usiongeze. Jelatini huyeyuka kwenye nyuzi 35 hivi, na ngozi ya mtu aliyekaa kivulini tu haiko mbali na hapo. Mpeleke juani, jasho limtoke chini ya kidonda, hakuna kipimo kitakachokuokoa. Iwekee shoti za usiku. (Na ukiinunua tena soma pakiti: nyingine ni ya nguruwe, na mchezaji wako ana haki ya kujua anapakwa nini.)

Mchana tumia tishu na lateksi ya maji (utomvu wa mpira). Ukiikosa, gundi ya kope yenye lateksi inatosha kwa mkato wa urefu wa kidole. Siku moja kabla, mpake tone ndani ya kiwiko uone, maana wako ambao mpira huwawasha hata wakavimba. Jeraha liweke upande wa ndani wa mkono, pasipo na malaika (vinyweleo), la sivyo utayang'oa wakati wa kulibandua. Mafuta ya nazi yaoshwe yote kwa sabuni. Lateksi haishiki penye mafuta.

Paka lateksi, bandika tishu ya tabaka moja, paka tena juu, acha ikauke mpaka weupe uishe. Tishu ichane kwa vidole. Ukingo uliochanika hupotelea kwenye ngozi, wa mkasi utaonekana tu kuwa plasta. Katikati weka tabaka tatu au nne, pembeni moja. Kisha pasua kwa kijiti cha meno, wembe hapana, ubinue midomo ya jeraha. Ndani kabisa tia wanja mweusi kidogo, juu yake nyekundu iliyokoza, na kingo uzizibe kwa faundesheni ya rangi ya ngozi yake. Wengi huruka wanja, ndipo kidonda kinaonekana kimechorwa tu.

Damu pika shira, tia rangi nyekundu ya chakula, halafu kakao chembechembe mpaka uwaridi upotee. Shira huita nzi na sisimizi, kwa hiyo shoti ndefu tumia glisarini badala yake. Kanzu nyeupe iwe na mwenzake, rangi ile haitoki kirahisi. Akiinua mkono, damu ielekee kiwikoni. Kila shoti ipige picha kwa simu, kesho usije ukahamisha kidonda.

Kutoa, sasa mpake hayo mafuta ya nazi, ngoja lateksi ilegee, ubandue taratibu kuanzia ukingoni.